Kuku wa Mzazi na Bati la Mkwe

Joto la Kaskazi mwaka huu, wanangu, si la kusimuliwa na mtu mwenye haya, maana ataambiwa mwongo. Mtaani Jang'ombe jua halikuwa likipita juu ya nyumba kama majua mengine. Lilishuka, likakaa juu ya mapaa, likaning'iniza miguu. Mtu akinunua yai bichi duka la juu, akifika kwake lishaiva. Imebaki chumvi tu.

Basi katika joto hilo Bi Mwatima alikuwa na kuku uani kwake, na kuku wale hawakuwa wa kuuza wala wa kitoweo cha mgeni. Walikuwa wa Riyama, binti yake wa pekee, mimba ya kwanza, tumbo lishashuka. Mzazi kwetu, mwanamke aliyejifungua, hukaa siku arubaini zake akinywa supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga, maziwa yaje na mgongo ukaze. Mimba ilipojulikana tu, Bi Mwatima akaanza kutotoa. Mitetea sita na jogoo mmoja, akawalea kama walioachwa na marehemu kwa wasia.

Banda lao mwanzo liliezekwa makuti. Lilivuja, lakini ndani mlikuwa na kiubaridi. Akaja Ayoub, mume wa Riyama, kijana mwenye heshima mpaka inachosha, hapiti mbele ya mama mkwe bila ya kuinama. Akalitazama banda, akasikitika.

"Mama, kuku wa mwanangu walale chini ya makuti?"

Kesho yake huyo na bati jipya linameremeta. Akang'oa makuti yote, akapigilia misumari kama anayefunga sanduku la hazina. Biasha, jirani wa ukuta kwa ukuta, akachungulia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shoga, hilo si banda tena. Hilo tanuri la mkate wa boflo!"

"Ntafanyaje, Biasha? Zawadi ya mkwe hiyo. Nikiing'oa atasema nnamdharau."

"Basi wapake siagi kabisa."

Zawadi ikakaa, na kazi ikamwangukia Bi Mwatima. Asubuhi hutandika magunia mabichi juu ya bati, huweka bakuli la udongo limejaa maji, huwatupia maganda ya tikiti. Jua likikaribia utosini huwafungulia, wakaingia ukumbini wakajipanga chini ya feni. Walikula feni kuliko mwenye nyumba. Jogoo alizoea hata, umeme ukikatika, huwika kwa hasira, mtaa mzima ukajua.

Ikaja Ijumaa. Riyama alikuwa na siku yake ya kupimwa hospitali, na mama akaenda naye. Banda akalifunga kwa kufuli, maana kuku wa Jang'ombe akitembea peke yake hufunga safari ya sufuria ya mtu. Alijua atarudi mapema. Foleni haikujua. Waliporudi adhana ya Ijumaa ishaadhiniwa, magunia juu ya bati yamekauka yamekakamaa kama ngozi za papa.

Bi Mwatima akafungua kufuli, na pumzi ya moto ikampiga usoni kutoka bandani. Mitetea miwili ishakufa. Waliobaki wametanua mabawa, midomo wazi, wanatweta. Jogoo kalala ubavu, jicho moja linamtazama mwenye nyumba.

Akawabeba ukumbini. Feni imesimama, umeme hakuna. Akafungua bomba, likakohoa likatema upepo. Riyama akaleta maji yaliyobaki mtungini, kata moja, wakawatilia matone mdomoni. Maji yakatoka upande wa pili.

"Mama, wanakufa!"

"Nnaona, mwanangu. Kalete kisu."

Maana kuku akifa mwenyewe ni nyamafu, hata paka mwenye imani hamli. Lakini akichinjwa pumzi ingalimo, ni halali, atakatwa, atatiwa kwenye friji la watu, supu ipo. Kilichotakiwa ni mkono wa kuchinja. Na mkono wa kuchinja mtaani ni wa Muhiddin, na Muhiddin yuko msikitini, na wanaume wote wa Jang'ombe wako msikitini. Ukitaka kuiteka Unguja nzima kwa mwiko, nenda Ijumaa saa hiyo.

Biasha akaja mbio, kanga moja begani.

"Chinja wewe, Mwatima! Sheria haimkatazi mwanamke."

"Basi shika, chinja wewe."

"Mimi? Mimi damu nikiiona nnaanguka."

"Basi niwache!"

Akamwelekeza mtetea kibla, akaweka kisu shingoni. Bismillahi ikatoka, mkono ukakataa. Maisha yake yote alikuwa akishika miguu ya kuku, kichwa hushika mwengine. Mtetea akamfia mapajani, kisu hakijamgusa.

Ndipo alipomkumbatia jogoo akatoka naye mbio, kisu mkono wa pili, Biasha nyuma akipiga kelele, "Kisu kifiche, utatiwa ndani!" Akafika ubavuni mwa msikiti. Viatu vimejaa ngazini, wenye viatu wamo ndani. Khatibu alikuwa mgeni, tena mwenye kuipenda sauti yake. Khutba ilikuwa ndefu hata nasikia aliyeingia na ndevu nyeusi alitoka nazo nyeupe. Na khutba ikisomwa hakuna kusema neno, hata kumwambia mwenzio nyamaza.

Bi Mwatima akasimama dirishani. Muhiddin alikuwa amekaa safu ya pembeni, karibu hata angemshika bega. Akamwona. Akamwona na jogoo, shingo inaning'inia, na kisu. Macho yakamtoka. Bi Mwatima akamnyanyua jogoo, akamwonyesha koo lake. Muhiddin akatazama kwa khatibu, akatazama dirishani, kisha taratibu akainamisha kichwa kama mtu anayempa pole mwenziwe aliyefiwa.

Jogoo akanyoosha miguu kwapani mwa Bi Mwatima, akawa mzito.

Aliporudi nyumbani hapakuwa na kuku hata mmoja anayetweta. Riyama amekaa sakafuni kati yao, mkono juu ya tumbo.

Watu waliposwali wakatoka, Ayoub akaja na kanzu yake nyeupe, anaripuka harufu ya udi. Akainama, "Shikamoo mama," akaona mizoga, akashika kichwa.

"Inna lillahi! Ugonjwa gani huu?"

Bi Mwatima akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Joto, baba," akasema.

"Basi makosa yangu, bati moja halitoshi! Kesho ntaleta la pili, tuezeke juu yake. Na mzazi nitamnunulia kuku wa boksi, wale wa barafu, wapo tele dukani."

Biasha akageukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Riyama akamgeukia mama yake.

"Mama, ndiyo supu ya arubaini hiyo? Kuku wa boksi?"

"Utakunywa atakacholeta mumeo," akajibu Bi Mwatima, akachukua jembe akenda uani kuchimba. Ardhi ya pale mawe matupu. Akapiga, jembe likaruka. Akapiga tena.

"Chimba uende chini, shoga!" Biasha akamwambia kutoka ukutani. "Paka wa mtaa huu hawana Ijumaa!"