Mashine Iliyolipia Ukumbi

Mtaani, fundi huyu wa kuchomelea vyuma walimwita Tajiri, na jina lenyewe lilimtia hasara. Akikaa kwenye kibanda cha chai, waliomzunguka hawakugusa mifuko yao. Ndugu akipungukiwa kodi, ni Tajiri. Jirani akifiwa, Tajiri tena. Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule nyumbani, alikuwa akimuuliza, "Baba watoto, hivi sisi pesa zetu tunaweka wapi?"

Naye hucheka. "Mikono si hii hapa? Kazi haziishi, mama."

Na kweli alikuwa fundi hasa. Mageti yake hayakulegea bawaba, na wateja walimfuata kutoka mbali. Ila kilichoingia asubuhi, jioni kilikuwa kimeshatoka.

Mdogo wake alipotaka kuoa, ndugu walikutana sebuleni kwa Tajiri kupanga harusi. Ikafika zamu ya ukumbi. Nani atalipia? Bwana harusi mtarajiwa akainamia zulia. Tajiri akajisikia akisema, "Ukumbi niachieni mimi." Wakampigia makofi. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, akageuka akarudi nalo jikoni.

Mwezi ule kazi zilikuwa za kuokoteza. Akajaribu kukopa huku na kule, wapi! Kurudi kwa ndugu na kusema hana, hilo hakuliweza. Aibu aliiogopa kuliko njaa. Akaiuza mashine yake ya kuchomelea kwa fundi wa barabara ya pili, kimyakimya. Harusi ikafana. Alivaa suti, akacheza mpaka jasho likamtoka, akaitwa mbele kushukuriwa.

Mkewe alikuja kujua siku alipompelekea chakula cha mchana akakuta banda lake la kazi limepigwa kufuli. Majirani wakamwelekeza barabara ya pili. Huko akamkuta mumewe amechuchumaa, anachomelea dirisha kwa mashine ileile, kibarua wa kulipwa kwa siku. Hakupayuka. Aliweka chakula chini, akasema, "Kuuza nisingekukataza. Ningekukataza kuahidi." Akaondoka.

Miwani ya kukinga macho waliyompa pale ilikuwa imepasuka, na macho yakaanza kumuwasha, kisha kutoa machozi hata akiwa amekaa tu. Lakini kibarua asipokwenda, hapati kitu. Akajikaza, akamfuata mdogo wake amchangie apate mashine, hata iliyotumika.

"Kaka nawe kwa utani!" yule akacheka. "Wewe ndiye unayetushika sisi sote."

Hakuwa na ubaya. Aliamini kabisa anataniwa. Tajiri naye akacheka, akaaga.

Jioni moja dada yake akapiga simu, anataka karo ya mtoto. Tajiri alimtazama mkewe, aliyekuwa ameinamia cherehani.

"Sina," akasema.

"Huna leo, au?"

"Sina, dada. Nafanya kibarua."

Dada yake akakata bila kuaga. Tajiri akabaki na simu mkononi, uso umemshuka kama aliyefumaniwa.

Mkewe hakumsifu. Alitoa noti moja katika malipo ya sare, akaitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. "Ya mashine," akasema. Tajiri akatoa yake ya siku ile, akabakiza ya mboga, akatia. Kwa mwendo ule ingechukua miaka, na macho yake, wote wawili walijua, huenda yasingesubiri.