Nafasi ya Mama Kando ya Baba

Mama alitaka kitu kimoja tu: akifa, azikwe kando ya Baba, kwenye shamba letu la Kabiria alilolilima tangu alipoolewa. Na sisi wanawe watatu, watu wazima wenye akili timamu, tulishindwa kumpa hicho kimoja.

Tulipomzika Baba, Nairobi ilikuwa bado haijatufikia vizuri. Ukitoka Dagoretti Corner kuja kwetu ulipita mahindi na nyasi za ng'ombe. Kisha watu wakaanza kumiminika wakitafuta vyumba vya kupanga, na Kabiria nzima ikashikwa na wazimu wa kujenga. Aliyekuwa na ng'ombe aliuza ng'ombe akanunua mawe. Nasi hatukutaka kuachwa nyuma. Tuligawana shamba kwa kamba na vigingi, na kaburi la Baba likaangukia pale vipande vitatu vilipokutana. Tukakubaliana kwa mdomo kwamba kila mmoja ataacha nafasi kidogo upande wake, kwa ajili ya Mama.

Hakuna aliyeacha. Kila mmoja alijenga hadi mwisho wa kipande chake, akiamini ndugu zake wawili wataacha ya kutosha. Naliita kosa, lakini nisijifiche: ilikuwa tamaa. Mimi nilitaka chumba kimoja zaidi kwa kila ghorofa.

Mama ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alijipenyeza kati ya kuta hadi kwenye kaburi, akanyoosha mikono, na vidole vyake vikagusa mawe ya nyumba yangu huku na ya kaka yangu kule. Akatuita sote watatu.

"Mmejenga vizuri," alisema. "Sasa mimi mtaniweka wapi?"

"Mama, mimi nilijua huyu ameacha space," kaka mkubwa alisema, akininyooshea kidole.

Mimi nikamtazama kitinda mimba wetu. Yeye akatazama chini, na chini hapo palikuwa na shimo la choo cha nyumba yake, limefunikwa kwa zege. Hatukuwa na hata pa kusogea.

Angetutukana ningeshukuru. Alirudi ndani akateka maji ya chai, na hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipokufa. Nilimwona akizidi kunyamaza mwaka hadi mwaka, huku ghorofa zikipanda na wageni wakinipongeza kwamba mtaa wetu umeendelea. Niliuchukia mtaa. Nilijichukia zaidi.

Kwenye matanga wapangaji walikaa nasi uani, kwenye viti vya kukodi. Mmoja wao, fundi wa mabomba kutoka Busia, alikuwa amempoteza mkewe mwaka uliotangulia. Tulimchangia nauli ya kumsafirisha, akaenda kumzika nyumbani kwake, mbele ya mlango wake. Alinisogelea akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, landilodi. Sasa mathe tunampeleka wapi?"

"Kwa makaburi ya kanjo, yale ya umma ya jiji."

"Ya kanjo?" Aligeuka akayatazama majumba yetu, moja baada ya jingine. "Lakini si hapa ndio kwenu?"

Aliuliza kwa huruma, bila kejeli yoyote. Ijumaa tukamzika Mama huko, katikati ya watu wawili tusiowajua.