Gololi ya Bluu

Usidhani nimerudi Kasulu kupumzika, rafiki yangu. Nimerudi na hasira zangu, na tangu nifike sijakaa. Jumamosi iliyopita, kwenye mashindano ya gofu huko Dar, mpira wangu ulibaki hatua mbili tu kutoka kwenye shimo. Hatua mbili! Nikapiga, nikakosa. Mwalimu wangu wa gofu anasema tatizo si mikono, ni kichwa: vuta pumzi, sahau watu, piga. Nimevuta pumzi mpaka nimechoka.

Kinachoniuma ni kwamba utotoni sikuwa nakosa. Uwanja wetu ulikuwa ua wa bibi, udongo mwekundu uliofagiliwa kila asubuhi, na mashimo matatu niliyoyachimba kwa kisigino. Mimi na binti wa jirani tulicheza gololi hapo kila tulipotoka kuteka maji. Bibi alikaa pembeni akipepeta maharage, ungo ukilia shaa, shaa, na harufu ya viazi vitamu ikitoka jikoni. Akiniona naharakisha aliniambia, "Buhoro, mjukuu wangu, taratibu. Shimo halihami." Basi nilifuata mlio wa ule ungo, nikafyatua gololi bila kuwaza lolote, nayo ikaingia.

Binti wa jirani alikuwa na gololi moja kubwa ya bluu, aliyopewa na babu yake. Hakuwahi kuiweka mchezoni, maana aliyeshinda alichukua gololi ya mwenzake, nami niliitamani vibaya sana. Kisha wazazi wake, waliokimbilia kwetu kutoka Burundi, wakaamua kurudi kwao. Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa tayari kwenye lori, alinijia mbio.

"Njoo tucheze ya mwisho," alisema.

Nami, kwa roho yangu ya korosho, nikamjibu, "Bila ile ya bluu sichezi."

Alinitazama, akatazama kwao, akaiweka chini. Alitaka tu tucheze. Nilipiga mara moja, ikaingia. "Haya, ni yako," alisema, na mama yake akawa anamwita. Alikimbia. Mimi nilibaki nimechuchumaa, naifuta gololi yangu mpya kwa gauni.

Ungo ukanyamaza. "We mtoto," bibi aliuliza, "mwenzio hujamsindikiza?"

Nilitoka mbio. Lori lilikuwa limeshaingia barabara ya Kibondo, vumbi tupu.

Bibi alishafariki. Ua umelimwa mihogo, na nyumba ya jirani imebaki msingi tu. Tangu jana nazunguka nikiuliza habari za familia ile, hakuna anayewajua. Gololi yenyewe sikumbuki hata niliipotezea wapi, na jambo hilo linanitia aibu kuliko yote. Nimezunguka hiyo mihogo mpaka miguu inauma, ndipo nikakubali ukweli. Sijawahi kuogopa kukosa shimo. Naogopa mpira uingie, nigeuke nikicheka, nikute hakuna mtu, kama asubuhi ile.