Viatu Vyenye Damu Mlangoni Kwangu

Nilifungua mlango asubuhi nikakuta jozi ya viatu vya kukimbilia imening'inizwa kwenye komeo.

Ndani mna soksi. Soksi zimegandwa na damu.

Mama mwenye nyumba, ambaye hapitwi na jambo, akashika kifua. "Mguu Njia! Nani kakutupia uchawi?"

"Si uchawi, mama. Damu hiyo naijua. Niliitafuta mwenyewe."

Tulia nikusimulie.

Mimi ni mtu wa kuhamahama, ndiyo maana wananiita Mguu Njia. Shule niliisoma vipandevipande, darasa hapa, darasa kule. Kazi nimeshika nyingi na nimeziacha nyingi. Uzee ulipobisha hodi nikapanga chumba mtaa huu, nikajiunga na wazee wanaokimbia kila alfajiri.

Kundi letu lina sheria moja. Kila mwaka tunashindana, na mshindi ndiye anayeongoza mazoezi mpaka mashindano yajayo. Yeye mbele, wengine nyuma. Hakuna kumpita, hata akitambaa kama kinyonga.

Mwaka jana nilikuwa bega kwa bega na rafiki yangu, karani mstaafu tuliyembandika jina la Lebo, maana havai kitu kisicho na jina kubwa.

Utepe wa kumalizia uko pale, akanishika mkono.

"Ndugu yangu, tugombanie nini na mvi hizi? Tuingie pamoja, tuongoze wote."

Nikalegeza mwendo.

Akauachia mkono wangu, akaruka.

Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Na mimi mwaka mzima nikatazama kisogo chake. Kila alfajiri! Kisogo chenye mikunjo, kinatikisika kama kinanicheka.

Nikaapa kumkomesha.

Mashindano yalipokuwa yanakaribia, viatu vyangu vikabanduka soli. Nikaenda kwa dada muuza viatu pale kona.

"Jina kubwa, bei kubwa, baba," akasema. "Jaribu hivi."

Nikavigeuzageuza. Jina lenyewe sijawahi kulisikia.

"Hawa ni akina nani?"

"Wageni. Hata mimi ndiyo nawajaribu."

"Kwa hiyo miguu yangu ndiyo ya majaribio?"

"Baba, miguu hiyo imezunguka dunia kwa kandambili. Leo ndiyo imekuwa ya kifalme?"

Nilisita kwelikweli. Kiatu kibovu maana yake kile kisogo mwaka mwingine. Nikavikunja, nikavinusa, nikaruka navyo mle dukani mpaka makopo ya rangi ya viatu yakaanguka kwenye rafu.

Nikavichukua.

Lebo alipoviona akaangua kicheko mbele ya kundi zima. "Jamani, njooni muone! Hivyo vitaachama kabla ya kona ya kwanza!"

Nikakaza kamba. Mwanzoni vilinichubua visigino, sitaki uongo. Lakini vilipozoea mguu, loo! Kwenye mlima nilikuwa nampumulia Lebo kisogoni huku napiga soga. Yeye anahema kama mvukuto.

Akaanza kuvitupia jicho la wizi. Siku moja akanivuta pembeni.

"Ndugu yangu, hivyo umevipata wapi?"

Hapo shetani wangu akaamka, akanawa uso.

"Kwa dada wa kona. Ila usimwambie mtu. Na uzuri wake, havihitaji kuzoeshwa. Unavitoa kwenye boksi, unakimbia."

Kila mkimbiaji anajua kwamba kiatu kipya hakivaliwi siku ya mashindano. Hata Lebo anajua. Lakini nilimjua kuliko anavyojijua. Alishavicheka hadharani, asingethubutu kuvivaa mazoezini. Angevificha mpaka siku yenyewe.

Na kweli, siku yenyewe akaja navyo, vinameta kama meno ya bandia.

"Leo tutaonana, Mguu Njia."

"Tutaonana, ndugu yangu."

Tumbo langu lilikuwa linacheka peke yake.

Hatujafika hata nusu ya njia akaanza kuchechemea. Kakunja uso kama kalamba shubiri. Utamu niliousikia siwezi kukusimulia. Nikapunguza mwendo makusudi, nikamwambia, "Pole. Labda ni kamba."

Kisha nikatimka.

Mbele yangu hakuna mtu. Utepe nauona. Mama mwenye nyumba anarukaruka na mtandio wake.

Ndipo nikasikia nyayo. Si kishindo cha kiatu. Pa, pa, pa, laini, kama mtoto aliyetoroka kuogeshwa.

Lebo. Yuko peku!

Viatu kavifunga kamba, kavitundika shingoni. Visigino vinavuja damu, lakini uso umekunjuka hata nikamwona kijana. Alipofika ubavuni kwangu akanyoosha mkono.

"Mkono, ndugu yangu?"

Nikautazama ule mkono. Nilipoinua macho, alishakata utepe.

Baadaye nilimkuta kaloweka miguu kwenye beseni, anacheka.

"Tangu utoto nimekua nakimbia peku," akaniambia. "Nilipopata kazi ya ofisi nikaona aibu, nikaanza kuvaa majina ya watu. Kumbe yalikuwa yananirudisha nyuma. Hila yako nimeiona, bwana. Ahsante. Kesho nakuletea viatu, mimi sina kazi navyo tena."

Ndivyo hivyo vilivyokuwa kwenye komeo.

Nimevifua. Vinanienea kama nilipimwa. Kile kiatu kisicho na jina hakikuniangusha hata kidogo. Kilichoniangusha ni ulimi wangu.

Basi wewe unayemtegea mwenzio, angalia sana unachomvua. Huenda ndicho kilichokuwa kinamchelewesha.

Usije ukadhani nimemsamehe. Ila mwaka huu sitazami kisogo tena. Natazama nyayo zake, kavu kama magome, zinapanda na kushuka mbele yangu kila alfajiri.

Na mimi nyuma, kimya, nausubiri mwiba.