Mama Mukwe Aliyewekwa Rehani

Taksi yetu ya kwenda Beni ilikuwa bado ndani ya Kimemi, mtaa wa Butembo, pale fundi mmoja alipoisimamisha kwa mikono miwili. Nyuma yake, gari la aina ileile lilikuwa limeshindwa kupanda mlima. Mwenye gari, bwana mmoja aliyevaa kositimu, alikuwa anampeleka mama mukwe wake kwenye ndoa huko Beni.

"Moteur ya ile gari ni muzima," fundi alimwambia dereva wetu. "Nazania capteur ya kupima hewa njo inaidanganya, inakosa nguvu. Utupatie ya kwako kidogo, tujaribu."

"Na mukikimbia nayo?"

Yule wa kositimu akafikiri, kisha akaonyesha kwa kidevu. "Nakuachia mama mukwe."

Abiria tulishika midomo. Mama akaingia, akaketi kando yangu, akanyoosha kitenge chake magotini. Fundi alifungua visi, yaani skurubu, mbili za gari letu, akachukua kile kifaa kidogo, akakipachika kwao. Gari likapanda mlima likiunguruma kama jipya! Walirudi wanacheka, ugonjwa umejulikana. Fundi akarudisha capteur yetu mahali pake, na yule wa kositimu akafungua mlango wa taksi.

"Mama, mushuke. Twende tutafute capteur ingine."

Mama hakusogea.

"Mwana wangu, capteur muzima iko mu gari gani?"

"Mu hii."

"Basi funga mulango. Tutaonana ku ndoa."

Nimeona rehani nyingi Butembo, lakini hii ndiyo ya kwanza kukataa kurudishwa.