Mungu Aliyenitoa Shimoni Hakumsikia Rafiki Yangu

Admini, ficha jina langu, hapa Bunia tunajuana. Nina miaka thelathini na nne, nimetoka upande wa Butembo, shule niliishia darasa la sita. Nachimba mashimo ya vyoo huku mtaa wa Mudzipela. Nilikuwa nachimba na rafiki yangu mmoja, mtu wa maombi, ambaye mke wake huniita shemeji.

Mwezi uliopita kanisa letu lilitupa kazi ya kulichimbia choo kipya. Siku hiyo mimi nilikuwa chini, yeye anavuta ndoo. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mzito, nami nilikuwa nautukana. Akacheka: "Toka weye, muzee, jasho inakumaliza. Nitashuka mimi. Hata choo ya Bwana iko na baraka yake."

Nikapanda, yeye akashuka. Nilikuwa bado nakunywa maji ukuta wa shimo ulipoanguka.

Nilimsikia chini ya udongo. Aliita, "Yesu, nitoe! Yesu!" Majirani wakaja mbio, tukachimba kwa majembe, kisha kwa mikono tukiogopa kumkata. Sauti ilipungua, ikaisha. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Mke wake aliponiuliza, nilimwambia alikufa palepale. Ningesema nini?

Sasa mchungaji anataka Jumapili hii nitoe ushuhuda. "Mungu alikutoa mu shimo. Utanyamaza namna gani?"

"Mchungaji, mimi nilikuwa natukana. Yeye ndiye aliita."

"Njia za Mungu hatuzijui, ndugu."

"Kama hatuzijui, ya kwangu umeijua namna gani?"

Akasema shetani ananitafuta. Labda. Lakini mimi mchimba vyoo nilisikia nikiwa juu ya udongo. Mungu hakusikia? Na kama alisikia akanyamaza, wema wake ni wa namna gani?

Jana mjane alinifuata nyumbani. "Shemeji, Jumapili uambie watu bwana yangu hakuteseka. Ni ile tu inanifanya niseme bado Mungu iko muzuri."

Nikisema kweli, namvunja. Nikidanganya, kanisa zima litamshukuru Mungu kwa wema nilioutunga mimi. Nikikaa kimya, mjane ataelewa kuwa aliteseka. Nimejaribu kuomba, maneno hayatoki. Nikifumba macho namsikia rafiki yangu tu, anaita.

Ninyi mnaosema mnamjua Mungu, nishaurini: Jumapili wakiita jina langu, nisimame niseme nini?