Mfereji wa Jikoni

Katika kumbukumbu zangu za Igogo, jiwe linakuja kwanza, nyumba inafuata. Lilikaa katikati ya kiwanja chetu mlimani, kubwa kama ng'ombe kadhaa waliolala pamoja. Ukipanda juu yake uliliona ziwa, jeupe asubuhi, baadaye la kijivu, kisha kama halipo.

Majirani walipasua mawe yao kwa moto. Waliwasha magogo na matairi juu ya jiwe, likishashika joto wakalipiga nyundo. Moshi ulitambaa mlimani hadi nikashindwa kutenganisha mapaa na mawingu. Baba alikuwa fundi mwashi na kazi hiyo aliijua, lakini la kwetu alikataa kulipasua. Alisema litakuwa ukuta wa nyuma wa jikoni, ukuta ambao mvua haitauangusha kamwe. Mchana alijenga nyumba za watu. Jioni alipandisha mchanga na saruji begani, akajenga yetu, kuta za jikoni zikiliegemea jiwe.

Wakati huo tulipanga chumba kule chini karibu na ziwa, pazia likitutenga watoto na wazazi. Chumba kilikuwa na unyevu, na mdogo wangu alikohoa humo kila masika. Mama aliitaka nyumba ya mlimani kwa ajili ya kifua cha mtoto huyo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Mvua ya kwanza iliponyesha alipanda kuitazama nyumba. Maji yaliteremka na mgongo wa jiwe, yakaingia jikoni pale lilipokutana na ukuta. Alishuka amelowa hadi magotini, akasema hahamii. Atahamia siku mvua itakaponyesha na sakafu ibaki kavu.

Baba aliziba ufa kwa saruji. Jua la kiangazi likalichoma jiwe, saruji ikaachia, mvua ikaingia. Akaziba tena. Ikaachia tena. Misimu ilipita hivyo, na katika fikra zangu imekuwa msimu mmoja mrefu: baba amepiga goti gizani mwa jikoni, mwiko mkononi, hageuki. Fundi mwenzake alipita siku moja akachungulia dirishani.

"Hilo jiwe umelitolea mahari?"

Baba alicheka, akakoroga saruji nyingine.

Sijui alibadilika lini. Nakumbuka tu alasiri moja nimelala chali juu ya jiwe, joto lake likipanda mgongoni, na mapigo ya tindo yakinifikia mifupani kabla ya masikioni. Niliposhuka kutazama, saruji yote ilikuwa imebanduliwa. Alikuwa akichonga mfereji, kutoka kwenye ufa, kukatiza sakafu ya jikoni, hadi chini ya kizingiti na nje. Alinipa ufagio nizoe vumbi.

Mvua iliyofuata alimwita mama. Maji yaliingia kama kawaida, yakajikusanya mferejini, yakapita katikati ya jikoni kwa utulivu na kutokea mlangoni. Mama alisimama ameitanua miguu juu ya mfereji, mmoja huku, mwingine kule.

"Baba watoto, nilisema sakafu kavu."

"Ni kavu. Hapo penye maji si sakafu, ni mfereji."

Mama alichutama. Akapapasa sakafu kwa kiganja, upande huu, kisha upande ule, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Akaingia chumba cha pili, akapapasa huko pia. Aliporudi alisema mafiga yahamishiwe upande wa dirisha. Tulihama mvua ilipokatika, na mdogo wangu alilala masika hayo bila kukohoa.

Baba ametutoka. Jiwe bado linahifadhi jua hadi usiku, na mama huketi ameliegemea kama alivyokuwa akiketi pembeni ya baba. Mimi nina nyumba Buzuruga, tambarare, yenye vigae. Juzi nilipanda kumwomba tena ahamie kwangu, na nikiwa bado naongea mvua ikaanza. Maji yakaja. Mama akainua miguu kuyapisha bila kuyatazama, kisha akainama, akagusa sakafu kando ya mfereji, akanionyesha kiganja.

"Nitahamia, mwanangu," alisema. "Siku hapa patakapolowa."